Hodi kwa Mnara

Ipo nchi moja ambayo sitaitaja jina, kwa sababu sheria yake inataka kwamba ukitaka kuitaja uiandikie kwanza barua, siku kumi na nne kabla, nakala tatu, kisha usubiri ikujibu "karibu". Nimeandika. Nimesubiri. Haijajibu. Basi tutaiita "nchi hiyo", tuendelee, maana nina nepi kwenye kamba na wingu limetanda.

Ni nchi ya adabu. Watu wake hawaingii nyumba ya mtu bila kupiga hodi, hawaanzi kula kabla mgeni hajanawa, na hawasemi ukweli mbele ya mkubwa mpaka mkubwa amalize kusema wa kwake. Serikali ilipoamua kuuunganisha mji mkuu, kila kitu kiliunganishwa. Taa za barabarani zinaongea na magari. Mapipa ya taka yanatuma taarifa yakijaa. Hakuna anayekuja kuyazoa, lakini taarifa zinafika. Mabenchi ya bustanini yanajua nani amekaa na kwa muda gani. Ili vitu vyote hivyo viongee ilisimamishwa minara, mingi, juu ya soko, juu ya shule, juu ya misikiti na makanisa kwa idadi sawa ili pasiwe na manung'uniko.

Wananchi wakauliza, kwa adabu: mawimbi ya minara hii yanatupitia kwa kiasi gani? Serikali ikajibu kwa kuunda Mamlaka ya Kupima Mawimbi Yasiyoonekana.

Niliajiriwa mwaka ule wa kwanza. Nilikuwa na stashahada ya elektroniki, watoto watatu wa kulisha, na nilijua kutumia kipimo. Ni fimbo yenye tufe jeupe kichwani, mfano wa limau. Unaisimamisha, unasubiri dakika sita, unasoma namba. Wataalamu walikuwa wamepanga kikomo kuwa mia. Ikiwa chini ya mia, nenda kapike. Ikiwa juu ya mia, mwite mwenye mnara. Ni kazi rahisi kuliko kuonja chumvi ya mchuzi.

Ilikuwa rahisi kwa wiki moja. Wiki ya pili Mkurugenzi Mkuu wetu, Daktari Mhandisi Sefania Lukumbi, alikwenda kupima mnara bila taarifa, na mbwa wa mlinzi akamng'ata mahali ambapo ripoti rasmi ilipaita "upande wa nyuma wa taasisi". Bunge liliitishwa kwa dharura. Mbwa hakuonekana kuwa na kosa. Mbwa alikuwa kwao. Ikapitishwa Sheria ya Ustaarabu wa Vipimo: ni marufuku kupima mnara wa mtu bila kupiga hodi.

*

Hodi ya mnara hupigwa hivi. Siku kumi na nne kabla, barua. Siku yenyewe ikifika, mpimaji anasimama chini ya mnara na kuita hodi mara tatu, kwa sauti ya kadiri. Mwenye mnara akiitikia, wapimaji wanakaribishwa chai. Na kwa kuwa si heshima kupokea wageni huku mitambo inafanya kazi, mwenye mnara anaupumzisha. Yaani anauzima, kama mtu anayezima redio mgeni akiingia. Hapo ndipo tunapima.

Namba huwa sifuri.

"Karibu, Mama Tumpe, karibu!" alikuwa akiniambia meneja wa minara ya upande wetu, mtu mnene, mcheshi, mwenye taulo begani. "Sambusa za nyama au za dengu?"

"Za nyama. Umeuzima?"

"Sasa nikupokee mtambo unanguruma? Mimi nimelelewa, mama."

Dereva wetu, Njechele, alikuwa akichungulia kioo cha kipimo huku anatafuna. "Hii sifuri ya leo tamu," anasema. "Ya jana ilikuwa imezidi pilipili."

Mtaa mzima ulikuwa unajua tumefika, kwa sababu simu zote zilikufa. Wanawake walitoka vibarazani wameshika simu juu kama wanakinga mvua.

"Mtandao umekata."

"Wapimaji hao."

"Mungu awaondoe salama, nilikuwa naongea na mkwe wangu, sasa ataona nimemkatia makusudi."

Tukimaliza chai, nilisaini cheti. Jioni, kwenye vioo vikubwa vya njia panda, maandishi yalipita: MAWIMBI LEO: SIFURI. ENDELEENI NA MAISHA.

Nilisaini miaka tisa. Sitasema nililazimishwa. Sambusa zilikuwa nzuri.

Na nyumbani nilivyokuwa nikiwachekesha wanangu! Tumpe, kifungua mimba wangu, alikuwa na miaka kumi na mitatu nilipoanza kazi. Nilikuwa nachukua mwiko wa ugali, nasimama wima katikati ya sebule, nakohoa kama Mkurugenzi, naita: "Hodi, friji!" Tumpe anakimbia ukutani, anaizima friji, anajibu kwa sauti nene: "Karibu, mama mpimaji!" Nausogeza mwiko, naukazia macho, natangaza: "Sifuri!" Wadogo zake walikuwa wanagaagaa chini kwa kicheko. Mchezo huo tuliucheza mpaka maziwa yakaharibika mara mbili.

*

Kisha wakasimamisha mnara juu ya paa la Zahanati ya Kitopeni, hatua mia nne kutoka mlangoni kwangu.

Mwaka wa kwanza hakuna aliyesema kitu. Mwaka wa pili mama mmoja maziwa yake yalichelewa kutoka. Mwaka wa tatu mtoto alizaliwa na vidole sita, na ingawa baba yake naye ana sita, na babu yake, watu walitazama juu ya paa. Wajawazito wakaanza kuhamisha kadi zao kwenda hospitali ya ng'ambo ya mji, saa mbili kwa bajaji, taa zikiwa na huruma.

Mkunga wa Kitopeni anaitwa Sista Kalunde. Alinizalisha mara zote tatu, na mara zote tatu alinigombeza. Alikuja kwangu Jumapili mchana, akakaa, akakataa soda.

"Mama Tumpe, kitanda changu cha kujifungulia wiki ya tatu hii kinalaliwa na paka."

"Cheti si kipo ukutani? Sifuri."

"Vipo vitatu. Usinitanie, dada. Mnara unawaka, simu zinalia, halafu mawimbi sifuri? Hata mtoto wa chekechea anajua moto unaowaka una joto. Mimi nataka namba."

"Na ikiwa mbaya?"

"Ikiwa mbaya nitahama nao, hata chini ya turubai. Ikiwa nzuri nitawaambia warudi. Lakini nipe namba! Wiki iliyopita mmoja kajifungulia kando ya barabara, damu imemwagika kama maji ya kufulia. Mawimbi ya mnara siyajui yanafanya nini. Barabara naijua."

Akaniangalia kwa jicho lile la chumba cha uzazi.

"Tumpe ana wiki ngapi?"

"Thelathini na sita."

"Atakuja kwangu?"

Jibu alikuwa analijua. Tumpe anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, mumewe ni dereva wa malori, wiki nne safarini, moja nyumbani. Kadi yake ya kliniki alishaihamishia ng'ambo.

*

Jumatatu nikamwona Mkurugenzi Mkuu. Nilimwomba kibali cha kupima Kitopeni mara moja tu, mnara ukiwa kazini.

Alivua miwani. Akaifuta. Akaivaa tena ili aivue vizuri zaidi.

"Mama Tumpe, hodi ni nguzo ya taifa hili. Ondoa hodi, na taifa linabaki milango mitupu! Wewe ukienda kupimwa presha, daktari anakwambia nini kwanza? Upumzike. Ukae kitako, utulie, ndipo akupime. Kwa nini? Ili apate presha yako ya kweli. Sasa mnara nao si kiumbe wa serikali? Tunaupumzisha, tunaupima, tunapata namba yake ya kweli. Sifuri."

"Na ile ya wakati unafanya kazi, mheshimiwa?"

"Hiyo siyo namba. Huo ni wasiwasi wa mnara."

Nilimshukuru. Nadhani hata niliinama kidogo.

Jumanne saa nne asubuhi nilitia kipimo kwenye kapu la sokoni, nikakifunika kwa mafungu mawili ya mchicha, nikaenda Kitopeni kwa miguu. Sikupiga hodi. Kwa miaka tisa ilikuwa mara ya kwanza kuingia mahali na kipimo mdomo umefungwa, na nilihisi kama nimeingia msibani na nguo ya harusi.

Nilipima mlangoni. Nilipima uani wanapopimia watoto uzito. Nilipima chumba cha kujifungulia, dakika sita juu ya mkeka, huku paka akinitazama kutoka kitandani na Sista Kalunde akihesabu kwa midomo.

Mlangoni, moja nukta tisa. Uani, tatu nukta mbili. Kitandani, mbili na kitu.

Kati ya mia.

Nikarudia, nikidhani betri. Tatu nukta mbili. Nikakaa pembeni ya paka nikacheka, kisha kicheko kikabadilika. Namba ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri miaka mitatu yote ambayo mnara ulikuwa umesimama juu ya paa lile. Ningeweza kuisema siku yoyote. Tulikuwa tumedanganya mahali ambapo ukweli ungetusifu.

Sista Kalunde alinikumbatia, jambo ambalo hajawahi kunifanyia hata nilipojifungua. Nikamwandikia cheti cha mkono, namba zote tatu, tarehe, saini. Akakibandika kwenye ubao wa matangazo, kando ya vile vitatu vya zamani, akaenda kufua shuka za kitanda.

Asubuhi iliyofuata wanawake wanne waliopita kuchota maji walisimama mbele ya ubao. Nilikuwa nyuma yao, nimekuja kusikia sifa zangu.

"Mwaka juzi sifuri."

"Mwaka jana sifuri."

"Leo tatu nukta mbili." Yule mwenye ndoo ya njano alijishika kiuno. "Jamani, imepanda!"

"Na saini ni ya yule yule."

"Kama yule amekubali kuandika tatu, jua ni mia tatu."

Walikuwa wanaongea bila hasira yoyote. Mmoja aligeuka, akaniona, akanisalimia vizuri sana.

*

Nilikwenda kwa Tumpe moja kwa moja. Alikuwa anakunja nguo za mtoto, tumbo limemtangulia.

"Tatu, mwanangu. Tatu kati ya mia. Nimepima mwenyewe, mnara unafanya kazi. Jifungulie kwa Kalunde. Ni hatua mia nne."

"Ulipiga hodi?"

"Sikupiga."

Akaweka kifulana juu ya kifulana. "Mama, natamani kukuamini."

"Si uniamini basi! Mimi ni mama yako."

"Ndiyo maana nakujua." Hakuinua sauti, angeinua ningejua la kusema. "Uliposema sifuri ulikuwa na uso huo huo. Sauti hiyo hiyo. Sasa mimi nitatofautisha vipi, mama? Nitazame wapi?"

"Tumpe, kule ni mbali. Uchungu haungoji taa za barabarani."

"Nitaondoka mapema."

Yeye akachukua kifulana cha mwisho, akakinyoosha juu ya goti, na akasema polepole, kama mtu anayekumbuka wimbo wa shule:

"Hodi, friji."

Hakucheka. Mimi pia sikucheka.

*

Habari za ubao zilimfikia Mkurugenzi Mkuu siku ya tatu. Katika nchi hiyo mtu hafukuzwi kazi, anatunukiwa. Aliniita akaniambia kwamba Mamlaka imeamua kuadhimisha Siku ya Sifuri. Minara yote ya mji itapumzishwa kwa pamoja, saa tatu nzima, ili taifa lipimwe kwa hodi moja kubwa. Na atakayesimama jukwaani na kuitamka namba ni mimi.

"Utaisema kwa kinywa chako," alisema, "na ile tatu yako itasahaulika kama jino la utotoni."

Nilikubali. Natafuta sababu nzuri ya kuwapa, siipati. Wadogo zake Tumpe walikuwa bado shuleni. Na nilizoea. Kusaini nako kunazoeleka, kama kiatu kinachobana.

Barua zilitangulia siku kumi na nne, na siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Asubuhi Tumpe aliniambia yuko salama, mgongo tu unamuuma. Mgongo! Mimi, mama wa watoto watatu, nilisikia neno hilo nikamwambia ajinyooshe. Gari la Mamlaka lilikuwa linanisubiri.

Saa nne kamili Mkurugenzi Mkuu alishika kipaza sauti, akaufungulia mikono mji mzima. "Hodi, mji! Hodi! Hodi!" Wenye minara, wamevaa suti, wakajibu kwa pamoja, "Karibu!" na minara yote ikanyamaza.

Nitasema kilichotokea mjini, ingawa sisi jukwaani hatukukiona. Taa za barabarani, ambazo zilizoea kuongea na magari, zilijikuta hazina wa kuongea naye, na kwa adabu zote zikawa nyekundu. Mji ukasimama. Sisi tulisikiliza hotuba.

"Ndugu wananchi! Mataifa mengine yana mawimbi madogo. Sisi hatuna kabisa! Wenzetu wanapima ili wajue. Sisi tunajua, ndipo tunapima! Leo mama huyu, mtumishi mwadilifu, mwenye macho ambayo hayajawahi kuona namba nyingine..."

Watu walipiga makofi. Nikasogezewa kipimo. Tufe lilikuwa jeupe, safi, limepanguswa kwa ajili ya siku hiyo.

"Sifuri," nikasema.

Waliposhangilia nilitabasamu. Picha ipo.

Saa saba Mkurugenzi alibonyeza kitufe chekundu, minara ikaamka, na bendi ikaanza wimbo wa taifa. Mkoba wangu, uliokuwa chini ya kiti, ukaanza kutetemeka. Ukatetemeka kama una kuku ndani. Nikainama, nikaitoa simu.

*Mama.*

*Mama simu haitoki.*

*Tumekwama njia panda ya mnada taa nyekundu hazibadiliki.*

*Mama chupa imepasuka.*

*Nimeondoka mapema kama nilivyosema usiwe na wasiwasi.*

Zilikuwa kumi na saba, na ziliingia ovyo ovyo, ya kwanza ikiwa ya mwisho. Sheria ya nchi inasema mtu asisogee wimbo wa taifa ukipigwa. Wimbo wa taifa una beti tatu. Nilisimama beti zote tatu. Nilisimama, mikono ubavuni, simu ikitetemeka kwenye kiganja. Neno hili sijamwambia Tumpe. Nalisema hapa.

Kisha Njechele aliendesha gari juu ya vijia vya watembea kwa miguu, anapiga honi, analia kuliko mimi.

Tulimkuta njia panda, ndani ya bajaji, chini ya kioo kikubwa kilichoandikwa MAWIMBI LEO: SIFURI. Mama muuza machungwa alikuwa amepiga magoti kwenye lami, khanga yake imetundikwa mlangoni kumsitiri. Mtoto alikuwa ameshatoka, yuko kifuani kwa mama yake, amefunikwa fulana ya dereva wa bajaji. Wa kike. Alichelewa kulia, yule mama aliniambia, alimsugua mgongo mpaka akalia. Damu ilikuwa inatoka. Ilikuwa inatoka kama Sista Kalunde alivyosema.

"Kalunde ndiye aliye karibu," Njechele akasema. "Barabara ya ng'ambo yote imejaa magari."

Nikamtazama Tumpe. Hakuwa na nguvu za kukataa, na mimi nilishukuru kwamba hakuwa nazo. Hata hilo nalisema.

Sista Kalunde alimtupa paka nje. Alifanya kazi saa nzima bila kunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa. Damu ilipokata aliosha mikono hadi viwikoni, akasema, "Mngechelewa robo saa nyingine," kisha hakumaliza. Juu yetu mnara ulikuwa unanguruma taratibu, tatu nukta mbili, kama kawaida.

Ripoti ya Siku ya Sifuri ilisema kwamba siku hiyo hakuna mwananchi aliyeripoti madhara yoyote ya mawimbi. Ni kweli. Hapakuwa na mawimbi, na hapakuwa na simu ya kuripotia.

Wanawake wameanza kurudi Kitopeni, mmoja mmoja. Si kwa namba yangu. Cheti changu Kalunde alikibandua mwenyewe, kwa upole. Wanakuja kumtazama mtoto, wanamhesabu vidole, wanaona ni vitano vitano, wanauliza kliniki ni siku gani.

Mimi nimechukua likizo, maana mzazi wa mara ya kwanza huogeshewa mtoto na mama yake, na hiyo haihitaji barua. Kila asubuhi nachemsha maji, nachanganya na ya baridi kwenye karai, nakunja mkono wa gauni, natumbukiza kiwiko. Nimefanya hivi kwa watoto watatu na sijamuunguza hata mmoja. Nasubiri kidogo, ngozi inipe jibu.

"Vuguvugu," nasema. "Mlete."

Tumpe anamlaza mtoto kitandani kwanza. Anakuja mpaka kwenye karai, ananisalimia, "Shikamoo, bibi," anakunja mkono wa gauni lake, na anatumbukiza kiwiko chake.